Mzee wa Minjila Ndiye Nani?

Barabara ya Garsen ilikuwa imemezwa na mto, kwa hiyo mradi wangu wa mwisho wa uhandisi niliutetea kwa simu, nikiwa ndani ya nyumba ya mume wangu Minjila. Kila upande maji. Na barazani, karibu na mlango, baba mkwe wangu amekaa anavuta tasbihi.

Nilikuwa nimesanifu kalvati ya kupitisha maji chini ya barabara yetu. Kimo chake nilikitoa pale mafuriko makubwa ya zamani yalipofika, na aliyenionyesha ni huyo huyo baba mkwe, aliyewahi kuswaga ng'ombe ndani ya maji yale. Kwenye orodha ya marejeo nikaandika: Mzee wa Minjila, mahojiano.

"Mzee wa Minjila ndiye nani?" mhadhiri akauliza.

"Mwalimu, ni mfugaji. Anaishi hapa."

"Jina lake?"

Lo! Kwetu Waorma mke hamtaji baba mkwe wake kwa jina. Halitamki, wala haliandiki. Mume wangu angelitaja bila tabu, lakini alikuwa mbali malishoni na ng'ombe, simu haishiki.

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi? Msomaji atamtafuta wapi mtu asiye na jina? Basi hicho kipimo umekitoa kichwani. Nitajie, au urudie mwaka."

Kurudia kwangu kulikuwa kuacha kabisa. Nyumbani nilishaahidi huu ndio mwaka wa mwisho. Wallahi nilimchukia yule mtu. Kanuni yake ni ya haki, hata mimi naiamini, lakini nilimchukia, nikaichukia na mila, na maji pia. Nikaanza kulia.

Spika ya simu ilikuwa wazi. Barazani tasbihi ikasimama.

"Wewe bwana wa kwenye simu!" Baba mkwe alisimama mlangoni, ndani kwa mke wa mwanawe haingii. "Huyo mzee ni mimi!" Akalitaja jina lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Andika! Maji yalinifika hapa kifuani. Wataka nini tena?"

Nikasikia kalamu ya mhadhiri ikikwaruza karatasi.

"Shikamoo, mzee. Nimeandika."

Nilipita. Mstari ule wa marejeo, wenye jina, aliuchapa mume wangu aliporudi. Mzee mwenyewe ametutoka, na nikimwombea dua bado nasema yule mzee wa Minjila. Mungu hajaniuliza ndiye nani.