Minong'ono Katika Ukuta wa Abba

Chekeni mapema mmalize, kwa sababu mimi mwenyewe bado naona haya kusimulia jinsi nilivyotoka kanisani mbio, mtu mzima mwenye ndevu, miguu mitupu, mweupe kwa chokaa, nikisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya kuitia ngamia.

Mnajua nilivyokuwa nimekwama. Tangu ukuta wa choo nilichojenga Balambala ulale kifudifudi (ni upepo jamani, si mimi), hakuna aliyenipa kazi Garissa nzima, na mke wangu alishasema nikirudi kuchunga mbuzi wa kaka, yeye hanifuati. Ndipo Waethiopia wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Waorthodoksi, wakaniita nipige plasta kanisa lao la udongo kabla ya sikukuu. Nikaapa ukuta huu hautaniaibisha.

Kasisi wao, mzee mwembamba wanayemwita Abba, alinieleza kwamba kanisa hili limeiga moja la kwao milimani, la karne nyingi zilizopita, ambalo halikujengwa bali lilichongwa ndani ya mwamba mmoja, kuanzia juu kushuka mpaka sakafuni, nguzo na madirisha vikiachwa humo humo jiweni.

"Mlianza na baa, Abba?" nikamuuliza. (Paa, yaani; ulimi wetu wa Kisomali hauna "p". Fundi mimi, kichwa kilinizunguka.)

"Paa kwanza. Mchana walichonga watu, usiku wakachonga malaika."

Kambini mwamba hakuna, wakafyatua matofali ya udongo, ila mpango ni ule ule: vyumba vitatu vinavyofuatana, mlango wa wanaume huku, wa wanawake kule, na mwisho, mashariki, pazia jekundu ambalo nyuma yake huingia makasisi tu. Viatu unaacha nje, kama msikitini, kwa hiyo nilijiona mwenyeji.

Karibu na adhuhuri upepo wa vumbi ukaanza.

"Twende tunywe chai, mwanangu," Abba akasema. "Hapa usikae peke yako."

"Hii blasta itakauka, Abba. Mimi siogobi kitu."

Ujinga wenyewe ndio huo. Vumbi lilifunga madirisha, ndani kukawa giza la magharibi, na watakatifu waliochorwa, wenye macho makubwa meusi, wakawa wananitazama kila nilikohamia. Halafu ukuta ukaanza kunong'ona. Wallahi! Sauti nyingi, za chini, kwa lugha nisiyoijua, na kitu kikigonga taratibu usawa wa paji langu la uso. Nikahamia ukuta wa pili, nao unanong'ona. Nikarudi nyuma hadi penye pazia, na huko sauti ilikuwa moja tu, ya mzee, polepole, karibu mno. Miguu haikuniuliza. Nikapiga teke ndoo ya chokaa ikanimwagikia, nikaangukia ngoma yao kubwa ikalia buum, nikatokea mlango wa kwanza niliouona, ambao ulikuwa wa wanawake.

Nje wanawake waliojitanda shuka nyeupe walikuwa wamejipanga, vipaji vya nyuso vimegusa udongo, wanaubusu ukuta. Kuona kitu cheupe kinawatokea kikipayuka, wakapiga mayowe, na bibi kizee mmoja akanitandika fimbo yake ya sala mgongoni.

Abba alikuja mbio, kikombe mkononi. Akanieleza kwamba kwao anayejiona hajatakasika haingii, anasali nje ukutani. (Sisi mtu akija kuswali anaingia, ningejuaje?) Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikacheka nao huku aibu ikinichoma.

"Lakini yule mzee wa nyuma ya bazia ndiye alinimaliza," nikasema. "Nani anasali ubande ule?"

Kicheko kikakatika. Abba akatazama chai yake.

"Mashariki hakuna mtu anasimama, mwanangu. Kule tulimzika Abba wa kwanza."

Kazi niliimaliza, ukuta umesimama na mke yupo. Ila ule upande wa mashariki niliupiga plasta kutoka nje, kaburi likiwa nyuma ya visigino vyangu, na nilimbembeleza bibi wa fimbo akae kando yangu hadi mwisho. Siku hizi mtu akisema twende tunywe chai, naacha mwiko hapo hapo.