Nilivyofunga Mkono Kukwepa Mafua

Jamani, nina miaka sitini na nane na bado ni mwanafunzi. Nasoma darasa la watu wazima hapa Ilemela, maana utotoni nilichunga ng'ombe kule Magu, na ng'ombe hawafundishi kuandika. Wiki iliyopita mwalimu akatuonya kwamba kuna kirusi cha mafua makali kinachopitia mikononi. Hofu ikanishika! Sasa nitamnyima nani mkono, sisi Wasukuma tunaosalimiana mpaka ugali upoe? Nikaufunga mkono wa kulia kitambaa. "Nimeteguka," nikasema.

Darasa zima likaniombea. Mama Kabula, ninayekaa naye dawati moja, akanilimia viazi siku tatu, mimi nimekaa juu ya jiwe namwonyesha matuta kwa mkono wa kushoto. Aibu, ndiyo, lakini sikupiga chafya hata moja!

Jana mwalimu akauliza, "Nani ataandika jina lake ubaoni?" Moyo ukaruka! Miezi minane naisubiri siku hiyo. Kitambaa kikanizuia kushika chaki, nikakivua, nikakitupa huko, nikaandika MASANJA, herufi zote saba, zimefuatana kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Nikageuka nipigiwe makofi.

Wote wanautazama mkono wangu. Kitambaa kilikuwa kimeangukia miguuni pa Mama Kabula. Akakiokota, akakipengea kamasi, kumbe mafua yalishampata, kisha akaninyooshea mkono uleule.

"Mzee Masanja, umepona! Hebu lete mkono tusalimiane."