Sauti ya Pili Ukumbini

Mtaani walimwita Chiriku, kwa kuwa riziki yake ilikuwa mdomoni. Katika ukumbi wa sinema wa shangazi yake alikaa kando ya pazia na kipaza sauti, akiwatafsiria watazamaji filamu za kigeni. Aliigiza jambazi, bibi kizee, hata mbwa ikibidi, na wapo waliolipa kiingilio kwa ajili yake tu.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Hollywood ya zamani, ya mapenzi na nyimbo. Mumewe, fundi redio, hakuwa na hamu nayo.

"Baba mzima anamfukuzia binti wa umri wa mwanawe," alilalamika wakila chakula cha mchana. "Wanaonana asubuhi, jioni wameshapendana. Hakuna anayekwenda kazini. Hadithi ikiwakwama, wanaimba."

"Lakini wanavyocheza!" Chiriku alimjibu. "Unawaona kuanzia utosini mpaka kidole cha mguu, wanateremka ngazi kama maji. Na lile gauni la njano! Hadithi nyepesi, sikatai. Ila ukisikia ule wimbo wa dirishani unaamini kila kitu."

"Wimbo wa dirishani wala si wa yule dada. Yeye anafumbua mdomo tu. Aliyeimba ni mwingine, na jina lake hawakuliandika popote."

Chiriku alidhani anataniwa. Filamu ilipoonyeshwa tena, alimkazia macho yule mwigizaji. Kweli bwana. Sauti ilipanda, kifua hakikupanda. Tena kabla ya kila mstari alisikia mtu akivuta pumzi, ilhali midomo kwenye pazia ilikuwa imefumbwa, inatabasamu.

Ikamwingia huruma. Mtu kaimba filamu nzima, halafu wakamfuta kama vumbi! Siku zote Chiriku aliziacha nyimbo zipite bila tafsiri. Jumamosi ile akaamua kuzitafsiri, angalau maneno ya mwanamke mwenzake yaeleweke.

Wimbo wa dirishani ulipoanza, akausemea taratibu. Kwenye mstari wa pili pumzi ikavutwa. Haikutoka kwenye spika. Ilitoka ubavuni pake, karibu kabisa na sikio, na ilikuwa ya baridi. Hakugeuka. Aliendelea kusema kwa sababu aliogopa kunyamaza. Kila neno alilotaka kulitamka alilikuta limeshatamkwa, kwa Kiswahili safi, sekunde moja mbele yake.

Taa zilipowashwa, shangazi yake alikuja kutoka mlangoni alikokuwa akikata tiketi.

"Leo umekuja na nani?"

"Niko peke yangu, shangazi."

"Wacha masihara. Mlikuwa wawili. Mwenzio ana sauti tamu, ila mwambie asikutangulie."

Fundi redio aliitwa. Alifungua mitambo, akafuata waya mmoja mmoja, hakuona hitilafu. Alifunga vifuniko, akajifuta mikono muda mrefu.

"Usizitafsiri tena zile nyimbo, mke wangu."

"Kwa nini?"

"Nimekuomba tu."

Alimsikiliza. Filamu ile iliwekwa kabatini, naye akabaki na filamu za vita na vichekesho. Lakini watazamaji walianza kumsifu. Mbona sauti imelainika hivyo? Umefundishwa wapi? Hata jambazi wake alitishia watu kwa namna ya kubembeleza, na ukumbi ulicheka. Chiriku naye alicheka. Nyumbani alipunguza maneno, na watu wa karibu waliona.

Siku moja asubuhi, Chiriku akiwa anakunja nguo, mama yake alimpigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti. Naomba uniitie mwanangu, hiyo ni simu yake."

"Mama, ni mimi."

Mama akapandisha sauti.

"Binti, mimi ni mtu mzima, usinifanyie mchezo. Mpe simu mwenyewe."

Chiriku alimkumbusha jina la utotoni, akamkumbusha kidonda cha goti na nani alimsukuma. Kadiri alivyoeleza, ndivyo mama alivyozidi kuuliza kwa woga, "Wewe umeyajuaje hayo?" Ikabidi fundi redio ashike simu amtulize mkwewe, amwapie kwamba ni mafua.

Mama alikubali, au alisema amekubali. Chiriku bado anatafsiri, na ukumbi unajaa. Mama yake akipiga simu siku hizi, huomba kuongea na mkwewe tu. Humuuliza kama mwanawe hajambo, huaga, halafu hukata.