Grafu Niliyoipeleka Kwenye Posa

Ningependa kufa na aibu hii bila kuisema, lakini watu wa Kirando wanaisimulia kila mwaka na kuitia chumvi, nami sivumilii habari zilizopotoshwa, kwa hiyo ni afadhali mwenye aibu aieleze mwenyewe.

Binti yetu Skolastika alichumbiwa na kijana aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Majirani zetu wa mtaa wa Chanji walimsifu, na muuza dagaa mmoja akaapa kwamba alimwona na chaki mkononi. Mimi niliyefundisha hisabati hadi kustaafu sikuona kuwa chaki ni ushahidi. Miaka hiyo intaneti kafe zilikuwa zimeanza kufunguliwa mjini Sumbawanga, basi nikavaa koti (baridi ya Ufipa haiheshimu wazee), nikaenda, nikafungua tovuti ya takwimu za elimu, ambako unachagua mkoa, kisha wilaya, kisha jambo unalotaka kulijua, nayo inakuchorea grafu. Nikachagua idadi ya walimu. Nguzo za shule nyingine zikasimama wima. Penye jina la shule ya kijana yule palikuwa peupe. Nikaagiza ichapwe kwa rangi.

"Baba Skola," mke wangu akasema, "mtu anakuja kukaa mbele yako, wewe unamtafuta kwenye kompyuta?"

"Kompyuta haina mjomba Kirando," nikajibu, nikajiona nimesema neno kubwa.

Siku ya posa wageni waliingia na kapu la dagaa, wakiongozwa na mshenga mnene mwenye kucheka sana (kazi yake sikumuuliza, ningemuulizaje, na grafu ninayo?). Kijana akainama.

"Shikamoo, baba."

"Kabla sijaitikia, thibitisha kwanza kwamba upo."

Nikasimama, nikainua grafu, nikafundisha kirefu kama niko darasani, nikahitimisha kwamba shule ile haina mwalimu hata mmoja na kwamba aliye mbele yetu ni tapeli.

Mshenga akakohoa. "Mzee wangu, mwalimu mkuu wa shule hiyo ni mimi. Huyu kando yangu anafundisha Kiswahili, yule wa dirishani sayansi. Sasa sisi tumeshakufa, au vipi?"

Hapo ndipo nilipopaswa kukaa chini. Badala yake nikasema, "Nyinyi ni mashahidi wenye maslahi."

Wakaanza kuinuka, na mmoja akalishika kapu lake. Skolastika, aliyekuwa akileta chai, akaweka sinia mezani, akaichukua karatasi kutoka mkononi mwangu.

"Baba, hapa chini kuna maandishi madogo."

"Yasome kwa sauti," nikaamuru, kwa mazoea.

"'Nafasi iliyo wazi si sifuri. Taarifa za shule hii hazijapokelewa.'"

"Boti iliyobeba ripoti yetu iliharibika njiani, Kipili," mwalimu mkuu akaeleza kwa upole. "Ripoti ilifika wamekwisha kufunga hesabu."

Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kutosoma maelekezo! Kicheko cha kwanza kilitoka jikoni, nacho nakijua, nimeoa mwenye nacho. Kisha nyumba nzima ikalipuka, hata kijana aliyekuwa akitokwa jasho akacheka hadi akajifuta machozi.

Kwa desturi upande wa muoaji ndio hutozwa faini kwa kila kosa. Siku hiyo mwalimu mkuu aliomba desturi igeuzwe, na wazee wa upande wangu (wasaliti wakubwa) wakamuunga mkono kabla hajamaliza sentensi. Nikatozwa beberu, akachinjwa siku hiyo hiyo, na posa ikapokelewa.

Hadi leo nikienda Kirando walimu hujipanga mstari mbele ya ofisi. "Baba mkwe, tuhesabu!" Nami nawahesabu, mmoja mmoja, kwa kidole. Maneno ya mitaani bado siyaamini, na takwimu bado nazitafuta, ila sasa naanza kwa kusoma chini ya ukurasa. Na mtu akinipa shikamoo, naitikia marahaba kwanza, uchunguzi baadaye.