Asubuhi Tuliyomngoja Mtu wa Kumi

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba yangu alifariki na shule yangu ikaishia hapo, darasa la tatu. Nilipelekwa Morogoro mjini kwa shangazi yangu fundi cherehani, na tangu siku ile sijala chakula ambacho sikukitolea jasho. Nayasema haya kwa sababu kuna watu wakiiona nyumba yangu hudhani nimeachiwa na mume. Mume wangu aliniachia watoto wawili na ndugu zake. Alikuwa mpigania uhuru wa huku Afrika Kusini, tulikutana Morogoro akiwa uhamishoni, tukaja wote Johannesburg mwaka 1992. Miaka minne baadaye akafa, na ndugu zake wakaniambia nirudi kwetu. Sikurudi. Nilipanga chumba mtaa wa Jeppestown, mashariki ya jiji, nikaanza kushona mapazia.

Matanga ya mume wangu niliyakaa na wanawake wachache wa Kitanzania, walioolewa huku kama mimi. Tuliimba kwa Kiswahili chumbani kwa mmoja wao, na hata matanga yalipokwisha hatukuacha. Ndivyo kanisa letu lilivyoanza. Wakaja Wakenya, Wakongo, Warundi. Tukachanga, tukanunua karakana iliyofungwa palepale Jeppestown, tukang'oa mashine zenye kutu na kuweka viti. Wanangu wanaongea Kizulu na Kiingereza, Kiswahili wanakisikia wakipenda. Jumapili ndiyo siku yangu ya kuongea bila kutafuta maneno. Mtu akiniuliza kwa nini nilipigania karakana ile, jibu ni hilo, halihitaji digrii.

Mwaka jana mwenyekiti wa baraza la kanisa, Mkenya, mtu wa benki, mstaarabu, alileta pendekezo tuuze karakana tukajenge Midrand, kaskazini ya jiji. Wenye magari wengi wanaishi huko.

"Mama, mwezi huu tu magari mawili yamevunjwa vioo watu wakiwa kwa ibada," aliniambia mbele ya watu.

"Mimi nakuja kwa miguu. Miguu haina vioo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Tutakodi basi, Mama. Hakuna mtu ataachwa."

"Basi la kusomba maskini kuwapeleka kwa Mungu wenu wa Midrand?"

Nilisema hivyo na sijafuta. Lakini niliona kura zinakwenda kwake. Watu wamechoka kuogopa, na mimi siwezi kumwambia mama mwenye mtoto mchanga kwamba mtaa wetu ni salama. Si salama.

Kabla ya kura, mwenyekiti akaja kwenye duka langu la mapazia. Alisema kabla yetu sisi, huku mashariki ya jiji walikaa Wayahudi. Walianza chini kama sisi, wakainuka, wakahamia kaskazini, na wala Mungu hakuwakasirikia. Mfanyakazi mwenzake alikuwa na mjomba mzee ambaye bado anasali katika sinagogi ya zamani, si mbali na kwetu. "Twende nikuonyeshe, Mama. Ukiona kwa macho yako utaelewa watu huhama tu." Nikakubali. Nilijua ananipeleka kuona kaburi ili nikubali kufa.

Tulikwenda Alhamisi, alfajiri, maana saa tatu alikuwa na kikao. Jengo la matofali mekundu, mlinzi getini, ng'ambo ya barabara spaza, kiduka cha mtaani, inafunguliwa. Mzee yule alitupokea mlangoni. Mwembamba, koti limempwaya. Alimpa mwenyekiti kofia ndogo ya duara avae, na kwa kuwa mwenyekiti ana upara, kofia ikawa inateleza kila akigeuka. Mimi nilionyeshwa ngazi, wanawake hukaa juu, roshani. Nilipanda nikakaa, nikamtazama mwenyekiti kule chini akiishika kofia kwa mkono kama mtu aliyepigwa na upepo. Nilifurahi.

Nilitegemea kukuta vumbi. Nikakuta watu. Wanaume wazee, wengine na mikanda ya ngozi ya kusalia imezungushwa mkononi, wamesimama, hawaanzi. Mmoja, wa makamo, shati lake limechanwa kidogo kifuani, alikuwa anatazama mlango tu. Mzee wetu alikuwa anapita na kidole kutoka mtu hadi mtu, midomo inacheza. Kisha akamwendea mwenyekiti. Kiingereza changu ni cha sokoni, lakini hili nililisikia vizuri.

"Samahani, wewe si Myahudi, eti?"

"Hapana, mzee. Mimi ni Mluhya."

"Eish," mzee akasema. "Basi tumepungukiwa mmoja."

Akanieleza kwa kunyanyua uso, sauti ikapanda hadi roshani. Wana sala ya wafiwa, na haisomwi bila wanaume kumi wa Kiyahudi. Yule mwenye shati lililochanwa, maana ndivyo wao huomboleza, alikuwa amefiwa na mama yake, ndiyo kwanza ametoka kwenye matanga. Wakikosa kumi, atarudi nyumbani hajamsomea.

Nikamuuliza mbona alikuwa anawapitia na kidole bila kutaja namba. Akasema wao hawahesabu watu kama mbuzi. Hutaja mstari wa zaburi wenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Neno likibaki, mtu hayupo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa vivyo hivyo. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi, anajibu, "Wapo, wanakula." Ukianza kuhesabu anakupiga kofi mkononi. Sikuwahi kufikiri kuna mzungu mwenye bibi wa namna hiyo.

Tulingoja. Mwenyekiti akatazama saa. Mfiwa alikaa, akasimama, akakaa. Mimi mwenyewe, mwanamke, Mkristo, tena mtu nisiye na subira hata foleni ya posta, nikajikuta naomba huko juu: Bwana, walete mmoja. Halafu mlango ukasukumwa akaingia kijana wa kiume mwenye nguo za hospitali, anahema, helmeti ya pikipiki mkononi. Wote wakageuka. Mmoja akamzomea kwa upendo, "Usingizi ulikuwa mtamu?" Wakaanza palepale. Mfiwa aliposoma sala yake, wengine walimjibu kwa sauti moja, na sauti yake ikanyooka.

Baadaye walitukaribisha chai, samaki wa chumvi na mkate, na wiski kidogo katika vikombe vidogo kama tundu la sindano. Mwenyekiti alikataa. Mimi nilikunywa, kwa heshima ya marehemu.

Mzee akatusimulia. Babu yake alitoka Lithuania, nchi ya baridi, kijana peke yake, hajui Kiingereza wala Kiholanzi, ana lugha ya kwao tu. Alitembea mashambani na furushi mgongoni akiuza sindano, vitambaa, vioo vya kujitazama. Wengine walishona viatu, wengine nguo, wengine walipikia wachimba migodi. Wakatuma nauli wake zao wakaja. Nyumba hii ya sala waliijenga wakati wengi wao bado wanapanga vyumba. Watoto wakasoma, lugha wakaiacha, wakahamia mtaa wa Yeoville, wajukuu wakavuka kaskazini. Sinagogi nyingine za huku zilifungwa, baadhi sasa ni makanisa.

"Umeona, Mama," mwenyekiti akasema taratibu.

"Na hii kwa nini haikufungwa?" nikamuuliza mzee.

"Kwa sababu ya kumi. Kila mmoja anajua akibaki kitandani, kuna mwenzake hatamsomea mama yake." Kisha akanitazama. "Lakini waliohama usiwatukane. Watoto wangu wanasali kaskazini, na wanasali vizuri."

Hilo nalo nililimeza. Halikuwa tamu kama wiski.

Tukiwa kwenye gari, robot, taa ya barabarani, ikawa nyekundu, mwenyekiti akasema, "Sisi hatuna sheria ya kumi, Mama."

"Sisi Yesu alituambia wawili watatu wanatosha," nikamjibu. "Tumerahisishiwa, ndiyo maana kila mtu anadhani wale wawili ni wengine."

Taa ikawa kijani, akaondoa gari.

Jumapili niliomba kusema kabla ya kura. Sikutukana mtu. Nilisema wanaotaka Midrand wakaanze Midrand, hata ukumbi wa shule wakodi, na nitawashonea mapazia. Ila karakana isiuzwe ikiwa wapo watakaokuja kila Jumapili bila kuangalia mvua, kwa sababu ya mwenzao. Hao wasimame.

Kisha akasimama Mrundi mmoja muuza nyanya, mtoto mgongoni. Akasimama kinyozi wa Kikongo: "Maman, miye niko." Vijana wetu wanaopanga hosteli ya jirani wakasimama. Mwenyekiti, aliyekuwa amekaa mezani, alivua miwani, akaifuta, akasimama naye. "Jumapili moja huku, moja kule," alisema. "Mke wangu atanisamehe."

Karakana haikuuzwa. Midrand wana ukumbi, mapazia ni yangu. Vioo bado vinavunjwa, tumeweka zamu ya kulinda magari. Juzi tulizika mmoja wetu kutoka pale pale, tukaimba hadi majirani wa Kizulu wakaingia.

Leo nina nyumba moja ya matofali, imelipwa yote. Duka la mapazia, mlango mmoja. Cherehani sita, moja mbovu. Friji mbili. Sehemu ya kaburi kando ya mume wangu, stakabadhi ipo. Ufunguo wa kanisa ninao mimi pia, lakini huo si mali yangu.