Hindi Juu ya Bomba la Moshi

Sauti niliisikia nikiwa bado katikati ya mpunga, kabla sijaona bati wala moshi. Tu, tu, tu, tu. Nilikuwa nimetoka Idete kwa miguu tangu alfajiri, kisanduku kichwani, mpunga umeinama kwa kuiva pande zote mbili za njia. Niliitua mizigo yangu, nikatoa daftari, nikaandika nikiwa nimesimama: "Moyo wa elimu unadunda kifuani mwa bonde." Niliyasoma maneno hayo kwa sauti mara mbili. Machozi yalinilengalenga kwa uzuri wake.

Ilikuwa mashine ya kusaga unga. Mwenyewe, mfanyabiashara mmoja wa asili ya pwani pale Lipangalala, alisimama mlangoni akiwa mweupe kwa unga hadi kwenye kope. Nilimwamkia shikamoo, nikamwuliza kama hapo ndipo chuo kilipo. Alinitazama kwa huruma, akanielekeza mbele. Mashine za chuo nitazijua nikizisikia, alisema, kwa sababu za chuo hazikohoi.

Ule mstari sikuufuta. Niliuweka katika sura ya kwanza ya riwaya yangu, bila kutaja unga.

Inafaa niseme mapema kwamba wakati huo nilijihesabu mwandishi. Tulikuwa vijana wanne tuliozoea kukutana Jumapili nyuma ya duka moja mjini Ifakara, tukisomeana tulichoandika na kusifiana hadi jua linapozama. Hakuna aliyekuwa amechapishwa popote. Wenzangu waliposikia kwamba nimepata kazi ya kutunza mashine za umeme za chuo cha ualimu cha misheni, walikubaliana kuwa ni majaliwa: mtu wa nuru amepelekwa penye nuru. Mimi nilikubaliana nao kuliko wote.

Chuo kilikuwa na mashine moja kubwa, karibu na karakana, iliyotoa umeme wa kila siku. Mashine za akiba zilikuwa tatu, kila moja katika kibanda chake: nyuma ya zahanati, penye pampu ya maji, na upande wa mabweni. Hizo hazikuwa na kazi isipokuwa kungoja. Kubwa ikizimika, au mto ukipanda hadi karakana kama ulivyofanya miaka kadhaa, hizo ndizo zilizotakiwa kuamka papo hapo. Nami niliajiriwa kuhakikisha kwamba zitaamka. Nilizipa mashine hizo majina ya wanawake watatu, ambayo sitayataja kwa kuwa wenye majina wako hai na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniangalia mara mbili.

Bwana wangu wa kazi alikuwa fundi mmoja Mpogoro, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vinene vilivyoweza kushika nati ya chuma ndogo kama punje ya mchele bila kuiangusha. Alikuwa amejifunza kwa Bruda, mtawa mzee wa Kizungu aliyezileta mashine zote bondeni. Miaka yote hiyo fundi alifanya kazi, lakini funguo zilikaa kwa Bruda. Kila asubuhi aliziomba, kila jioni alizirudisha. Hakulalamika. Ila nilimwona mara moja akizipima uzito mkononi kabla ya kuzitundika msumarini, kama mtu anayenunua samaki.

Alinifundisha kuwasha kwa mkono: unainua kishikio cha kuachia pumzi, unazungusha gurudumu hadi lishike mwendo, halafu unakiachia kishikio na kuruka pembeni. Alinifundisha kusikiliza. Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa juu ya mzigo. Mashine ya dizeli ikizungushwa bure, alisema, haipati joto. Dizeli haiungui yote, inabaki inaganda kwenye bomba kama ugali chini ya sufuria. Kwa hiyo kila Jumamosi niliwashe kila mashine, nivute ile swichi kubwa yenye mkono wa mbao, niibebeshe taa au pampu kwa saa nzima.

Na ili ajue kwamba nimefanya hivyo bila kunifuata kibanda kwa kibanda, alikuwa na utaratibu wake. Aliniagiza niweke kitu juu ya bomba la moshi. Kiangazi kilikuwa kiazi kitamu. Masika lilikuwa hindi bichi. Mashine iliyobeba mzigo, bomba lake lilikaanga hindi likaiva barabara. Mashine iliyozunguka bure, hindi lilibaki na jasho tu. Saa saba mchana nilimpelekea mahindi matatu, moja la kila kibanda, naye aliyala polepole, akitafuna na kutafakari, halafu akatoa hukumu. "Ya pampu inataka kubadilishiwa oili," aliwahi kusema, akiwa na punje mdomoni. Ilikuwa kweli.

Miezi ya mwanzo nilifanya kama nilivyoambiwa. Kisha siku moja nilipovuta swichi ya mabweni ilitoa cheche ya buluu ndefu kama mkia wa mjusi, nikaanguka kitako ndani ya ndoo ya oili iliyotumika. Hakuna aliyeniona. Lakini tangu hapo ule mkono wa mbao niliushika na kuuachia mara tatu kabla ya kuuvuta.

Mtu mwingine angesema anaogopa. Mimi nilikuwa mwandishi, nikatafuta sababu bora zaidi. Niligundua kwamba mashine isiyo na mzigo ina sauti laini, ya kubembeleza, na kwamba sura ya saba ya riwaya yangu ilihitaji sauti kama hiyo. Mashine ikibeba mzigo, kibanda chote kilitetemeka, wino ukaruka, na pipa nililolifanya meza likatembea. Isitoshe ilibidi kusimama na kutazama mishale ya mita. Hakuna riwaya iliyowahi kuandikwa wima.

Basi Kwaresima ilipoanza nikaanza kuziwasha bila mzigo. Na kwa kuwa sauti ilinipendeza, sikuziwasha kwa saa moja. Ile ya pampu niliizungusha asubuhi nzima, nikiandika juu ya shujaa wangu, kijana shupavu anayewaletea watu wa bonde mwanga.

Yalibaki mahindi. Nilikwenda jikoni kwa mama mpishi, nikamwomba aniokee matatu pembezoni mwa jiko, mbali na moto, yasipate alama za makaa. Mama yule alikuwa Mndamba mwenye ulimi mrefu kuliko mwiko wake.

"Hizo mashine zenu siku hizi zinakula mahindi?" aliniuliza.

"Ni kwa ajili ya fundi, mama."

"Fundi ana mke. Mke wake ana jiko." Aligeuza hindi kwa kidole. "Kuna kitu unakificha, wewe mtoto wa watu. Mtu mzima haokewi hindi kwa siri."

Nilicheka kama mtu asiye na siri. Nadhani hata kuku wa jikoni hawakuniamini.

Fundi ndiye aliyeniamini, na sababu yake inaniuma mpaka leo. Ilikuwa Kwaresima, naye alikuwa amefunga: hakuweka kitu mdomoni hadi jioni. Kila Jumamosi aliyapokea mahindi yangu, akayageuza mkononi, akaona yameiva, akashukuru, akawapa mafundi wa karakana. Hakuonja hata punje. Mtu aliyeweza kuonja ugonjwa wa mashine alikuwa amefunga mdomo kwa ajili ya Mungu, nami nikapita hapo hapo kama panya. Katika kitabu cha mashine niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: mzigo kamili, saa nzima. Wiki sita.

Kabla ya Pasaka habari ilienea kwamba Bruda anarudi kwao. Mgongo ulikuwa umemshinda. Funguo zingekwenda kwa nani? Padri mkuu wa chuo alitaka kumleta mtu kutoka Morogoro, mwenye vyeti. Bruda alimtaka fundi. Wakapatana hivi: baada ya Pasaka mashine kubwa izimwe asubuhi moja, fundi aendeshe chuo kizima kwa mashine za akiba, na Bruda akae kitini asinyanyue hata spana. Zikishika, funguo ni za fundi.

Fundi aliniambia habari hiyo akiwa ananawa mikono. Alisema hana wasiwasi na mashine za akiba, kwa kuwa kwa Kwaresima nzima mahindi yalikuwa yanaiva vizuri kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba namtakia kila la heri.

Asubuhi ya jaribio fundi alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkewe alisimama upande wa pili wa uwanja, kanga begani, akijifanya amekuja zahanati. Padri alisimama karibu na bomba la moshi katika kanzu yake nyeupe. Bruda alikaa kitini, mikono magotini, kama aliyeambiwa apigwe picha. Mashine kubwa ikazimwa. Chuo kikanyamaza, ukasikia mahali fulani mwanachuo akikariri jambo lile lile tena na tena.

Fundi akazungusha ile ya zahanati. Ikawaka mara moja. Akavuta swichi. Ikashusha pumzi, ikaguna, taa ikawa nyekundu kama jicho la mlevi, halafu bomba likatapika. Sijui neno jingine. Uji mweusi wa dizeli na masizi uliruka na kumpaka Padri kuanzia kifuani hadi kwenye viatu. Mashine ikazimika.

Ile ya pampu ilifanya hivyo hivyo, ila yenyewe, kwa kuwa ndiyo niliyoibembeleza zaidi, ilitapika mara mbili. Ile ya mabweni haikukubali hata kuvutiwa swichi.

Fundi alichukua spana. Alifungua kiungo cha bomba, akaingiza kidole, akakitoa kikiwa cheusi na kinene. Akakinusa. Kisha akaniangalia. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu macho ya watu, nazo zote ni uongo. Sikuwa nimewahi kuangaliwa.

Padri aliuliza mashine hizi hutunzwa na nani. Bruda alikuwa amefungua kitabu, anasoma mwandiko wangu: mzigo kamili, mzigo kamili.

"Kijana ni wangu, Padri," fundi alisema. "Kazi yake ni kazi yangu. Mimi ndiye niliyeipokea."

Padri alijibu bila hasira kwamba basi atamwandikia yule mtu wa Morogoro siku hiyo hiyo. Nikaona mke wa fundi, kule upande wa pili, akiirekebisha kanga yake na kuanza kuondoka polepole.

Ningependa kuandika kwamba nilijitokeza pale pale. Nilikwenda nyuma ya kibanda, nikaketi, nikaandika ungamo la kurasa tatu. Lilikuwa na jua linalofunikwa na wingu, na mto, na mahali fulani nilijifananisha na jani. Nikalipeleka ofisini kwa Bruda, ambako wote watatu walikuwa wamekaa, Padri akiwa ameazima kanzu fupi. Bruda alisoma nusu ukurasa, akainua kichwa.

"Umewasha bila mzigo, au hukuwasha bila mzigo?"

"Niliwasha bila mzigo, Bruda."

"Na mahindi?"

"Ya jikoni."

"Fundi alijua?"

"Hakujua. Alikuwa amefunga."

Alinirudishia kurasa zangu, akanisogezea kitabu cha mashine. "Andika hayo hapa. Mistari miwili inatosha."

Niliandika. Ni maandishi pekee ya mwaka ule ambayo mtu aliyasoma hadi mwisho. Padri aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akamwuliza fundi anahitaji muda gani. Fundi akasema siku mbili.

Alifanya peke yake. Alifungua mabomba, akachoma masizi, akasugua nozeli zinazonyunyiza dizeli kwa tambara na mafuta ya taa, hali mimi nimekatazwa kugusa hata ndoo. Nilisimama kwenye jua kali nikitazama shati lile lile jeupe likigeuka jeusi. Siku ya tatu asubuhi mashine kubwa ikazimwa tena. Safari hii Padri alisimama mbali. Zikawaka moja baada ya nyingine, zikabebeshwa kila kitu: pampu, zahanati, misumeno ya karakana, taa zote mchana kweupe. Zikaunguruma kwa sauti nzito isiyo na ushairi wowote hadi saa saba.

Ofisini Bruda alimpa fundi funguo. Hakukuwa na hotuba. Fundi alizipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akazitia mfukoni, na mkono ukabaki huko mfukoni.

Padri akanionyesha kwa kidevu, akauliza huyu naye afanyweje. Bruda akasema hilo sasa si la kwake, amwulize mwenye mashine.

Fundi alifikiri. Nilianza kutunga moyoni maneno ya kushukuru, kwa sababu nilimjua alivyo mpole, na nilikuwa nimeshafika kwenye sentensi ya pili.

"Mwanangu," alisema, "sina ugomvi na wewe. Lakini mashine hizi zinangoja siku ya shida, nami siwezi kukaa nikiwaza nani yuko nazo. Nenda."

Nilisema asante, sijui kwa nini. Nikachukua kurasa zangu tatu, nilizokuwa nimezisahau siku ile mezani kwa Bruda, nikaangusha moja, nikaiokota, nikaiangusha tena. Hakuna aliyecheka. Nikatoka barazani, na fundi, ambaye alikuwa amenisindikiza hatua hizo chache kama anavyosindikizwa mgeni, alirudi ndani akaufunga mlango.