Mbavu za Mwalimu

Watu humwita Mama Vitanda, na hata mumewe, akitaka kumbembeleza, humwita hivyohivyo. Alianza na kitanda kimoja kilichopungua mguu. Sasa ana duka zima, magodoro yamerundikwa mpaka mlangoni, neti zinaning'inia darini kama mawingu yaliyokosa pa kwenda. Mchana jua likipita katikati ya neti hizo, duka hugeuka rangi ya maziwa, na wateja hushusha sauti bila kuambiwa. Yeye hashushi. Bei haipungui kwa kunong'onezwa.

Siku moja mwalimu mstaafu alikuwa amebishania kitanda cha futi tano karibu nusu saa.

"Hiki kimeliwa na mchwa, mama."

"Mbao hii mchwa haiwezi, mwalimu. Aliyejaribu labda alifeli somo lako."

Mwalimu akacheka, akajilaza kulijaribu godoro, akafumba macho. Hakuyafumbua. Mama Vitanda alishaona wateja wa kila namna: wanaolia, wanaoondoka na kurudi mara tatu, wanaojifanya wamelala ili muuzaji achoke.

"Hata ukizirai sipunguzi," akamwambia, akaendelea kukunja shuka.

Shuka ya pili ilipokuwa mikononi, akauona mdomo wa mwalimu umebadilika rangi.

Kuanzia hapo mambo yalimjia kama ya ndotoni. Alikuwa amewahi kuhudhuria semina ya zimamoto na huduma ya kwanza, si kwa wema, bali kwa sababu aliyekosa angenyimwa kibali cha kuweka bidhaa barazani. Lakini sasa sauti ya mkufunzi ilimrudia wazi: godoro linabonyea, mlaze chini. Akamvuta mzee mpaka sakafuni, akaweka viganja katikati ya kifua, akaanza kubonyeza na kuhesabu. Neti zilipepea polepole juu yake. Mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine, hesabu ikatoka mbali, na mahali fulani katikati ya hesabu kitu kikalia ta, kama chaga ya kitanda inapokatika. Hakuacha. Fundi wa makochi wa duka la jirani alipofika mbio na kupiga simu, yeye alikuwa bado anahesabu, na weupe ule wa neti umeujaza mlango wote.

Mwalimu alipona. Mbavu tatu zilivunjika. Wiki tatu baadaye ikaja barua ya binti yake: fidia, na kiasi chake kingelimeza duka na vyote vilivyomo.

Kwenye ofisi ya usuluhishi, Mama Vitanda aliingia na hesabu yake kichwani: ataanza na robo, atakubali nusu. Feni ilizunguka kivivu. Binti alikaa wima, mkoba mapajani.

"Fundi wa makochi alisikia akiwa dukani kwake," binti alisema. "Baba anakata roho, huyu mama anafanya mzaha wa bei. Halafu akamvunja mbavu."

Msuluhishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, akageuka. "Ni kweli, mama?"

Angeweza kukana, lilikuwa neno la fundi dhidi ya lake. Lakini mbele yake aliiona tena ile shuka ya pili.

"Ni kweli. Nilidhani ni mbinu ya bei. Nilikunja shuka moja na nusu. Nilipojua, sikukunja tena. Sasa, mwanangu, tuseme robo..."

"Ngoja, mama," msuluhishi akamkatiza. "Hapa hakuna cha kupunguziana. Ulidai malipo ya kumsaidia?"

"Hata kitanda hakununua."

Msuluhishi akasoma taratibu: anayemsaidia mtu aliye hatarini kwa nia njema, bila kudai malipo, hatawajibishwa kwa madhara ya msaada huo, isipokuwa kwa uzembe uliokithiri. Kisha akaweka miwani chini. Kudhani mtu amelala, akasema, ni kosa la binadamu. Uzembe uliokithiri ungekuwa kujua, kisha kuendelea kukunja. Na ripoti ya daktari inasema kifua kikibonyezwa inavyotakiwa, mbavu za mzee huvunjika. "Mahakamani una haki ya kwenda, binti. Nakwambia tu utakachokikuta."

Binti alimtazama Mama Vitanda kama anayetafuta kasoro kwenye mbao.

"Shuka moja na nusu ni muda gani?"

"Sijui, mwanangu. Kila nikilala naihesabu upya, na kila mara inakuwa ndefu zaidi."

Binti akaikunja barua mara mbili, akaitia mkobani, akamuuliza msuluhishi kama kuna karatasi ya kusaini ili shauri lifungwe.